Je, mwanao anajua pa kutokea moto ukizuka?

Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya kuhara, minyoo, malaria na usafi wa vyoo. Leo nakuomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya mpaka siku linapotufikisha hospitali usiku wa manane, tukiwa hatujavaa hata viatu. Nalo ni kuwafundisha watoto wetu wadogo, wa chekechea, wa madrasa na wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, namna ya kujinusuru pale janga linapotokea.

Kilichonisukuma kuandika ni mtoto mmoja wa miaka sita aliyeletwa katika kituo cha afya ninachofanyia kazi kama afisa tabibu, hapa mkoani Tanga. Nyumba ilishika moto wakati wa alasiri, mama yuko uani anafua. Majirani waliingia wakawatoa wadogo zake wawili, lakini yeye hakuonekana. Wakamwita kwa jina lake, wakapiga kelele, hakuitika. Alikuja kuvutwa mguu kutoka chini ya kitanda, amevuta moshi na ameungua paja na mkono wa kushoto.

Mama yake alidhani mtoto alizimia, ndiyo maana hakuitika. Siku ya nne, nikiwa ninambadilisha dawa na tayari tumezoeana, nilimuuliza mwenyewe. Akanijibu kwa sauti ndogo: "Nilisikia wananiita. Kiberiti niliwasha mimi. Niliogopa kuchapwa."

Ndugu msomaji, nimesoma madrasa miaka tisa na chuo cha utabibu miaka mitatu, na kote huko hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto anaweza kuona fimbo ni hatari kuliko moto. Lakini ndivyo ilivyo. Waokoaji wa moto kila nchi wanalijua hili, kwamba mtoto mdogo akitishika hakimbilii nje, hujificha. Huingia chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya mlango, mahali pale pale anapojificha akikosea. Hatumfundishi sisi, hujifundisha mwenyewe.

Kwa hiyo somo la kwanza si la mtoto, ni lako mzazi. Mwambie mwanao leo, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba akija kukuambia kuna moto hutamchapa, hata kama aliyeuwasha ni yeye. Kisha utimize. Ukimwahidi halafu siku akija ukamtandika, umemrudisha chini ya kitanda.

Mtume ametutangulia katika hili

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya kujiandaa na majanga ni ya wazungu, na kwamba la kupangwa limeshapangwa. Ni kweli hakuna linalotupata ila alilotuandikia Mwenyezi Mungu (s.w). Lakini tukirejea katika mafundisho ya Bwana Mtume (s.a.w) tunaona jambo jingine kabisa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, nayo imo katika Bukhari na Muslim, nyumba moja Madina iliwaunguzia watu wake usiku. Mtume alipopata habari aliwaeleza maswahaba kuwa moto ni adui yao, akawaamuru wauzime wanapolala. Na katika hadithi ya Jabir aliamuru milango ifungwe, vyombo vifunikwe na taa zizimwe, akataja mpaka sababu yake: panya anaweza kuuburura utambi akawateketezea watu nyumba yao. Tazama alivyoingia kwa undani. Hakuishia kuwaambia watu wamuombe Allah awakinge, aliwatajia panya na utambi.

Leo vibatari vimepungua, lakini panya wetu wamebadilika majina. Ni simu inayochajiwa juu ya godoro usiku kucha, ni mshumaa uliowekwa juu ya kopo karibu na chandarua, ni jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kupunguza baridi. (Hilo la jiko lina hatari mbili, kwani hata lisipounguza, hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini wala hawasikii harufu.)

Zoezi la madrasa

Kila Jumamosi huwa ninasaidia kusomesha katika madrasa moja ya mtaani kwetu. Watoto ni sitini na wanne, chumba ni kimoja, mlango ni mmoja, madirisha mawili yana nondo. Na hapa nikiri kosa langu. Kwa muda mrefu mimi mwenyewe nilikuwa nikiufunga ule mlango kwa komeo wakati wa darasa ili watoto watundu wasichoropoke kwenda kucheza mpira. Baada ya yule mtoto wa kituoni nilikaa nikautazama mlango ule, nikaona haya.

Nilimuomba ustadhi wetu mkuu tufanye zoezi la kutoka. Alicheka, akasema watoto hawa kutoka hawafundishwi, wafundishe kuingia! Lakini alikubali. Tukawaambia watoto kwamba nikipiga sufuria kwa mwiko mara nyingi mfululizo, wote watoke wakasimame chini ya mwarobaini. Nikapiga, nikatazama saa.

Walichukua dakika tatu na nusu. Unajua kwa nini? Ndala. Watoto wote huvua ndala mlangoni, na kila mmoja aliinama katikati ya mlango kutafuta zake. Wa nyuma wakawasukuma wa mbele, wawili wakaanguka, mmoja akalia. Na walipofika chini ya mwarobaini tukakuta wanane wamerudi ndani kuchukua juzuu zao, kwa sababu tumewafundisha juzuu haiachwi ovyo. Watoto wale walikuwa watiifu. Waliyatekeleza tuliyowafundisha, na siku ya moto utiifu ule ungewaua.

Suala la juzuu tulilipeleka kwa sheikh wa msikiti ili tusije tukasema kwa elimu yetu ndogo. Alitujibu bila kusita kwamba kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria, msahafu hununuliwa mwingine, mtoto hanunuliwi. Akaja mwenyewe kuwaeleza watoto, na neno lake lilikuwa na uzito ambao langu lisingekuwa nao. Nakushauri nawe, kama madrasa yako ina suala kama hili, lipeleke kwa mwenye elimu alitamke yeye.

Ndala tukazihamishia pembeni, mbali na njia, na kanuni ikawa kutoka peku. Komeo tuliling'oa. Zoezi la tatu walitoka kwa chini ya dakika moja. Tulichojifunza pia ni kuhesabu: kila mtoto mkubwa anashika mkono wa mdogo mmoja aliyepangiwa, na ustadhi anakuwa na daftari la majina mkononi, si ndani ya kabati. Asiye na orodha hawezi kujua nani amebaki ndani.

Usidhani haya ni mambo madogo. Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020 bweni la shule ya msingi ya Kiislamu wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, liliungua na watoto 10 wakafariki. Mwaka 1994 katika shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga mkoani Kilimanjaro walifariki wasichana zaidi ya 40. Kwa jirani zetu wa Kenya, Machi 2001 bweni la Kyanguli liliteketea na wavulana 67 wakapoteza maisha, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Na katika mji mtukufu wa Makka, Machi 2002, moto katika shule ya wasichana uliua wanafunzi 15, wengi wao kwa kukanyagana katika kukimbilia nje. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Baada ya misiba yao Wakenya walitoa mwaka 2008 mwongozo wa usalama wa shule, unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Sababu ya mlango kufunguka kwa nje ni nyepesi kueleweka. Watoto hamsini wakiusukuma mlango unaofunguka kwa ndani, hautafunguka, wanaufunga wao wenyewe kwa miili yao. Mzazi unayempeleka mwanao bweni, hata bweni la kuhifadhisha Qur'an, unayo haki ya kuuliza mlango unafunguka upande gani na ufunguo analala nao nani. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Tunajua kuuliza ada na chakula, hatujui kuuliza mlango.

Moshi, nguo na dawa ya meno

Mtoto afundishwe kwamba moshi hupanda juu, na hewa ya kuvuta imebaki chini. Basi ashuke chini atambae, pua karibu na sakafu. Akifika kwenye mlango uliofungwa augusue kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, ukiwa wa moto asiufungue, atafute njia nyingine au akae dirishani apige kelele. Akishatoka asirudi, si kwa mdoli, si kwa sare ya shule, si kwa kuku.

Nguo ikishika moto, mtoto hukimbia, na upepo wa kukimbia unauchochea moto. Afundishwe kusimama, kulala chini, na kujiviringisha huku na huku amefunika uso kwa mikono. Watoto hulipenda sana zoezi hili, wangu walitaka kulirudia mpaka vumbi likatujaa. Kwa mabinti wanaosaidia jikoni neno moja zaidi. Ushungi na khanga inayoning'inia ifungwe vizuri kabla ya kuinama kwenye jiko, na vitambaa vya nailoni visivaliwe jikoni, kwani huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba ni bora, na stara haipungui.

Mtoto akiungua, ama kwa moto ama kwa chai na uji (na hao wa chai na uji ndio tunaowaona wengi zaidi), dawa ya kwanza ni maji. Maji safi ya kawaida, si barafu, yamwagikie sehemu iliyoungua kwa dakika ishirini. Kama huna bomba tumia ndoo na kata, umwage polepole. Vua bangili na nguo ambayo haijagandana na ngozi, iliyogandana iache. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi umlete. Kila jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au lililoko usoni, mikononi, kwenye maungio au sehemu za siri, liletwe hospitali siku ile ile.

Kila mwezi tunapokea watoto waliopakwa dawa ya meno, unga wa ngano, ute wa yai, mafuta ya kupikia. Vyote hivi huhifadhi joto ndani na huingiza uchafu, kisha sisi inabidi tuvisugue kutoka kwenye kidonda kibichi, na kilio chake usiombe ukisikie. Wengine hupaka asali wakitaja kwamba ina ponyo. Ni kweli ina ponyo kwa watu, wala sibishani na hilo, lakini jeraha linaloendelea kuungua linataka kupozwa kwanza. Maji nayo ni rehema.

Na kwa kuwa tumetaja jikoni, mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiyanywa usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa sababu akitapika yanaingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Mbebe, mlete.

Maji yanapokuja

Aprili 2024 jijini Arusha gari dogo la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua, na watoto kadhaa wakafariki wakiwa njiani kwenda shule. Tunaoishi kando ya mito na mabonde tunawaona watoto wetu kila masika wakivuka mtaro huku wanacheka. Maji yanayokwenda kasi yakifika urefu wa kiasi cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba gari. Sasa mpime mwanao. Kanuni ya mtoto iwe fupi: maji yakiwa yanakwenda na huoni chini, huvuki, unarudi ulikotoka. Na wewe usimchape kwa kuchelewa au kukosa shule siku hiyo. Naona nimerudi tena kwenye fimbo, lakini ndiko mambo mengi yanakorudi.

Mafuriko yakishapita kuna hatari ya pili, ya kipindupindu, kwa sababu maji ya vyoo vya shimo yamechanganyika na ya visima. Hapo tuchemshe maji ya kunywa au tuyatie dawa, na watoto wanawe kwa sabuni, wala wasicheze kwenye madimbwi. Hili tumeliandika mara nyingi, silirefushi.

Kwa wakazi wa pwani kuna kisa ambacho napenda sana kuwasimulia watoto wa madrasa. Magharibi ya Aceh, huko Indonesia, kipo kisiwa kiitwacho Simeulue, watu wake ni Waislamu, wavuvi na wakulima kama sisi. Mwaka 1907 kulitokea tetemeko la ardhi, bahari ikarudi nyuma, kisha wimbi kubwa likaja likafagia vijiji. Waliobaki waliliita wimbi lile smong, wakaanza kuwasimulia watoto na wajukuu zao, kwa hadithi na kwa nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikakauka, kimbieni mlimani, msingoje kitu. Babu akamwambia mjukuu, mjukuu akawa babu.

Miaka 97 ikapita. Desemba 26, 2004 ardhi ikatikisika tena, na kisiwa kile kilikuwa karibu mno na chimbuko la tetemeko. Ndani ya dakika chache wimbi likafika. Katika watu wapatao 78,000 wa Simeulue walifariki saba. Katika Indonesia nzima siku ile walifariki zaidi ya watu 160,000, na huko Aceh wapo walioteremka ufukweni kuokota samaki bahari ilipokauka. Hawakuwa wajinga, ila hawakuwa na bibi wa kuwaambia.

Siku hiyo hiyo katika ufukwe wa Mai Khao, Phuket nchini Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka 10 aitwaye Tilly Smith aliona maji ya bahari yanatoa povu na kwenda ovyo. Wiki mbili kabla alikuwa amefundishwa darasani dalili za tsunami. Akawapigia wazazi wake kelele mpaka wakamsikiliza, na ufukwe ukaondolewa watu. Katika kisa hiki mimi hunigusa zaidi wale wazazi, kwamba walikubali kumsikiliza mtoto wa miaka kumi. Je, sisi tungemsikiliza?

Wimbi lile lilifika mpaka kwetu Afrika Mashariki. Somalia walifariki karibu watu 300, na hapa Tanzania hawakupungua 10, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Kwa umbali wetu hatukusikia tetemeko lolote, kwa hiyo kwa mtoto wa Tanga, Bagamoyo au Unguja dalili ni bahari yenyewe. Watoto wetu wanajua maji kupwa na maji kujaa kuliko mimi. Waambie bahari ikikimbia wakati si wake, wasiifuate, wapande juu na wapige kelele watu wote wapande.

Namna ya kuwasomesha

Mtume (s.a.w) alituamuru tuwahimize watoto sala wafikapo miaka saba. Mtoto wa miaka saba hajui hukumu nyingi za sala, lakini anajua kusimama, kurukuu na kusujudu kwa sababu amerudia na wewe kila siku. Hili nalo lisomeshwe hivyo hivyo, kwa kurudia na kwa vitendo, jambo moja kwa siku moja, dakika kumi zinatosha. Usiwaonyeshe picha za walioungua. Usiwasomeshe usiku kabla ya kulala. Na nakuombeni sana walimu wenzangu, tusichanganye moto wa kiberiti na moto wa Jahannam tunapowafundisha wadogo. Yule mtoto wa kituoni aliniuliza kama ataingia motoni kwa kuwasha kiberiti. Ana miaka sita.

Nyumbani chagua mahali pa kukutania nje, mwembe au duka la jirani. Mtoto ajue kutaja jina lake kamili, la baba yake na mtaa wake, na namba ya simu ya mzazi aiimbe kama anavyoimba alif, be, te. Ajue pia kwamba namba ya Zimamoto hapa Tanzania ni 114. Kisha siku moja mwambie: nionyeshe unatokea wapi mlango huu ukiwaka moto. Mimi nilipomuuliza binti yangu wa miaka mitano alinionyesha dirisha la chumbani, lenye nondo. Nilimwita fundi wiki ile ile, akakata nondo za dirisha moja na kuziwekea bawaba na kitasa cha ndani kisicho na ufunguo. Gharama yake haikufika bei ya mbuzi.

Jumamosi ijayo baada ya dhuhuri tutapiga tena sufuria pale madrasa, na safari hii hatutawaambia watoto mapema. Ustadhi pia hatumwambii.